Jina na Mawanda Yake: Vigeu vya Programu za Kompyuta kwa Mifano ya Nyunzu

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kufafanua dhana moja ya taaluma ya kompyuta ambayo wanafunzi wengi huipita haraka katika mwaka wa kwanza na kuirudia kwa taabu baadaye. Dhana yenyewe ni mawanda ya kigeu. Kigeu, kwa maana inayotumika hapa, ni jina ambalo mwandishi wa programu hulibuni na kulipa thamani fulani, nayo thamani hiyo yaweza kubadilika kadiri programu inavyoendelea kutenda kazi. Mawanda ya kigeu ni ile sehemu ya matini ya programu ambamo jina hilo linajulikana kwa maana hiyo. Nje ya sehemu hiyo jina hilo ama halina maana yoyote, ama lina maana nyingine isiyohusiana kabisa na ya kwanza.

Fasili hiyo ni fupi na haina fumbo. Ugumu wake unatokana na mazoea ya fikra. Mtu wa kawaida huchukulia kwamba jina ni mali ya kitu kinachoitwa, kama vile rangi au uzito ulivyo mali yake, na kwamba jina hilo litafuatana na kitu hicho popote kiendako. Mwanaisimu hawezi kuukubali mtazamo huo, kwa kuwa kazi yake ya kila siku inamwonyesha kwamba jina ni mapatano ya watu wa mahali fulani na wakati fulani. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye pengine hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, anaweza kuielewa dhana ya mawanda upesi kuliko mwenzake wa hisabati, mradi aonyeshwe kwamba jambo lenyewe analijua tayari.

Neno mawanda limechaguliwa kwa makusudi. Wako wanaopendelea upeo, lakini upeo ni mahali ambapo jicho huishia, na dhana iliyomo ndani yake ni ya umbali. Kifaransa nacho, ambacho ndicho lugha ya mafunzo katika vyuo vikuu vya Kongo, hutumia hapa neno ambalo pia hutaja umbali unaofikiwa na risasi au na sauti. Picha hiyo inapotosha. Kigeu kinaweza kujulikana mistari elfu moja mbele ya pale kilipotangazwa, na kisijulikane mstari mmoja tu nje ya mpaka wake. Kinachoamua ni mpaka, wala si umbali. Mawanda, ambayo wasomi wa Kiswahili wamezoea kuyataja pale wanapoeleza mipaka ya utafiti, yanaikaribia zaidi maana inayotakiwa.

YAYA, JIMBO NA TANGANYIKA

Nyunzu ni jina la mji mdogo na pia la wilaya, au teritware kama isemwavyo huko, katika jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo uko kwenye njia ya reli itokayo Kabalo kwenda Kalemie, njia iliyofika ziwani mwaka 1915. Kiswahili ndicho lugha ya mawasiliano mapana katika sehemu hizo, pamoja na Kiluba na lugha nyingine za jirani. Mahali hapa panafaa kwa maelezo yanayofuata kwa sababu majina yanayopahusu yamebadilika mara nyingi, na kwa sababu Kiswahili cha huko kina maneno yaleyale ya pwani yenye maana tofauti.

Neno la kwanza ni yaya. Dar es Salaam au Nairobi, yaya ni mtu aliyeajiriwa kumlea mtoto. Katika Kiswahili cha Katanga ya zamani, yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike, na kumwita mtu hivyo ni kumpa heshima. Hakuna upande ulio na makosa. Neno ni moja kwa herufi na kwa sauti, lakini limetangazwa mara mbili, katika mawanda mawili, na kila tangazo linatawala kwake. Kosa hutokea pale tu mtu anapolichukua neno la mawanda haya na kulisoma kwa maana ya mawanda yale.

Neno la pili ni jimbo. Kongo, jimbo ni kitengo kikubwa cha utawala kilicho chini ya nchi. Tanzania kitengo cha namna hiyo huitwa mkoa, na jimbo ni eneo la kumchagua mbunge. Kenya neno hilo, hasa kwa wingi wake, humkumbusha msikilizaji mabishano ya katiba ya mwaka 1963, wakati majimbo yalipotakiwa yawe na serikali zake. Mwandishi wa habari anayetuma taarifa kutoka Kalemie kwenda Dodoma bila kuzingatia hayo anaweza kuandika sentensi sahihi kabisa ambayo wasomaji wake wote wataielewa vibaya.

Neno la tatu ndilo zito zaidi. Tanganyika ni jina la ziwa lenye urefu wa kilometa 670 hivi, linalopakana na nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Tanganyika ni jina la nchi iliyokuwa chini ya Uingereza, ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na kuungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Tanganyika ni jina la wilaya kubwa iliyokuwamo ndani ya Katanga, na tangu mwaka 2015 ni jina la jimbo kamili la Kongo lenye teritware 6: Kabalo, Kalemie, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu. Mtu akisema mjini Kigoma, "Nimezaliwa Tanganyika," wasikilizaji wake, ambao wenyewe wanakaa kando ya ziwa la jina hilo na ndani ya mipaka ya nchi iliyokuwa na jina hilo, watakuwa na haki ya kuuliza anasema ipi.

KUTANGAZA JINA

Programu ya kompyuta ni matini. Huandikwa kwa mistari, na mistari hiyo hukusanywa katika mafungu. Fungu lililopewa jina lake, ambalo laweza kuitwa lifanye kazi yake kisha lirejeshe madaraka kwa aliyeliita, litaitwa hapa programu-ndogo. Mafungu yanaweza kukaa ndani ya mafungu mengine, kama vyumba ndani ya nyumba na nyumba ndani ya kiwanja.

Kanuni ya msingi ni hii: jina lililotangazwa ndani ya fungu linajulikana ndani ya fungu hilo na ndani ya mafungu yote yaliyomo humo, lakini halijulikani nje. Aliye chumbani anakijua kiwanja. Aliye kiwanjani hakijui kilichomo chumbani. Kigeu kilichotangazwa katika fungu la nje kabisa huitwa kigeu cha jumla, na kile kilichotangazwa ndani ya programu-ndogo huitwa kigeu cha ndani. Ngeli za mahali za Kiswahili zinaikaribia tofauti hiyo kwa namna ambayo lugha za Ulaya haziwezi kwa urahisi: humu ni pa ndani, palipozungukwa na mpaka, na huku ni pa jumla, pasipo mpaka unaoonekana.

Mfano wa kwanza umeandikwa kwa amri za Kiswahili, kwa kuufuata mpangilio wa lugha ya Pascal. Ichukuliwe kwamba karani anataka kuhifadhi idadi ya teritware za jimbo, kisha aiite programu-ndogo ihesabu kadi zilizomo katika kasha moja la Nyunzu.

kigeu idadi;
programu-ndogo hesabu_kadi;
   kigeu idadi;
   anza
      idadi := 240;
   mwisho;
anza
   idadi := 6;
   hesabu_kadi;
   andika(idadi);
mwisho.

Programu hii itaandika 6. Thamani 240 ilipewa jina idadi la ndani, na jina hilo lilikoma pale programu-ndogo ilipomaliza kazi yake. Jina la ndani limelifunika la nje kwa muda, kama vile neno yaya la Lubumbashi linavyolifunika lile la Dar es Salaam masikioni mwa mtu wa Lubumbashi, bila kulifuta.

Sasa mstari mmoja tu uondolewe, ule wa tatu, unaotangaza kigeu idadi ndani ya programu-ndogo. Matini iliyobaki haina kosa lolote la sarufi, na mashine itaikubali. Lakini itaandika 240, na jimbo la Tanganyika litakuwa na teritware 240. Jina idadi, lisilopata tangazo lake humo ndani, lilitafutwa nje, likapatikana, na thamani ya nje ikabadilishwa. Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Kosa la sarufi hupiga kelele, lakini kosa la mawanda hunyamaza, na huonekana baadaye, mahali pengine, katika umbo la jibu lisilo na akili.

Lugha za programu hazikufika kwenye kanuni hiyo mara moja. Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, haikuwa na mafungu ndani ya mafungu. Algol, katika toleo lake la mwaka 1960, ndiyo iliyoweka utaratibu wa mafungu yanayokaa ndani ya mengine, kila moja na majina yake, na lugha nyingi zilizofuata, ikiwamo Pascal ya mwaka 1970, ni watoto au wajukuu wake kwa jambo hilo. Hata hivyo urithi huo haukufuatwa kila mara kwa uangalifu. JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995, ilikuwa na tangazo ambalo mpaka wake ulikuwa programu-ndogo nzima, si fungu dogo ambamo mwandishi alidhani amelifungia. Ilichukua miaka 20, hadi sanifu ya mwaka 2015, kuongezwa kwa tangazo jipya linaloheshimu fungu. Katika Python nako jina lolote linalopewa thamani ndani ya programu-ndogo huhesabiwa kuwa la ndani katika programu-ndogo nzima, hata katika mistari inayotangulia ule wa kulipa thamani. Mwanafunzi anayesoma thamani ya nje katika mstari wa pili na kuibadilisha katika mstari wa tano huambiwa na mashine kwamba jina la mstari wa pili bado halina thamani, naye huapa kwamba mashine imeharibika. Mashine haijaharibika, inasoma fungu zima kabla ya kutenda.

KILA MTOTO NA MAMA YAKE

Kabla ya kwenda mbele inafaa kutazama jambo ambalo mwanaisimu analijua zaidi kuliko mtaalamu wa kompyuta. Katika sentensi "Kila mtoto alikuja na mama yake", kiambishi -ake hakimtaji mtu yeyote maalumu. Kinabadilika na kila mtoto. Kwa lugha ya mantiki, -ake ni kigeu kilichofungwa na neno kila. Aliyeweka utaratibu wa kwanza kamili wa kuandika ufungaji wa namna hiyo ni Mjerumani Gottlob Frege, mwaka 1879, miaka mingi kabla ya kompyuta.

Sasa iongezwe sentensi ya pili: "Kila mtoto alikuja na mama yake. Yeye alivaa kanga." Msomaji wa Kiswahili husita mara moja. Yeye nani? Neno yeye haliwezi kumrejelea kila mtoto, wala mama wa kila mtoto, kwa sababu mawanda ya kila yamekoma kwenye nukta. Msomaji hulazimika kumtafuta mtu nje, katika matini iliyotangulia au katika hali halisi. Hivyo ndivyo mashine inavyofanya inapokuta jina ambalo halikutangazwa katika fungu lake. Jina la namna hiyo huitwa kigeu huru, na swali lote linalobaki ni hili: maana yake itafutwe wapi?

ILIPOANDIKWA AU INAPOITWA

Swali hilo limepata majibu mawili katika historia ya kompyuta, na tofauti kati yake ndiyo kiini cha suala zima.

Jibu la kwanza husema kwamba maana ya kigeu huru itafutwe katika matini inayoizunguka programu-ndogo pale ilipoandikwa. Haya yanaweza kuitwa mawanda ya kimatini. Jibu la pili husema kwamba maana hiyo itafutwe kwa yule aliyeiita programu-ndogo, na kama hanayo, kwa aliyemwita yeye, hivyo hivyo hadi mwanzo wa kazi. Haya yanaweza kuitwa mawanda ya kiutendaji. Kwa msomaji wa fasihi tofauti hii si ngeni: neno lililomo katika utenzi wa karne ya 18 lisomwe kwa maana liliyokuwa nayo Pate wakati huo, au kwa maana aliyonayo msomaji wa leo anayelikariri?

Mfano wa pili unaonyesha tofauti hiyo.

kigeu jimbo;
programu-ndogo chapa_kadi;
   anza
      andika('Nyunzu, ', jimbo);
   mwisho;
programu-ndogo orodha_mpya;
   kigeu jimbo;
   anza
      jimbo := 'Tanganyika';
      chapa_kadi;
   mwisho;
anza
   jimbo := 'Katanga';
   orodha_mpya;
mwisho.

Ndani ya chapa_kadi jina jimbo ni kigeu huru. Kwa mawanda ya kimatini, mashine hutazama pale chapa_kadi ilipoandikwa, hukuta jimbo la nje, na huandika "Nyunzu, Katanga". Kwa mawanda ya kiutendaji, mashine hutazama aliyeiita chapa_kadi, ambaye ni orodha_mpya, hukuta jimbo lake, na huandika "Nyunzu, Tanganyika". Matini ni ileile, herufi kwa herufi. Majibu ni mawili, na yote mawili ni majina halali ya jimbo lenye mji wa Nyunzu, kila moja kwa wakati wake.

Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy na kuchapishwa mwaka 1960, ilitumia mawanda ya kiutendaji. Jambo hilo halikuwa uamuzi wa nadharia. McCarthy mwenyewe, alipoisimulia historia ya lugha hiyo mwaka 1978, alieleza kwamba tatizo lilipojitokeza aliliona kuwa ni kasoro tu ya programu inayoweza kurekebishwa. Haikurekebishika kwa urahisi. Scheme, iliyobuniwa na Gerald Sussman na Guy Steele mwaka 1975, ilikuwa tawi la Lisp lililochagua mawanda ya kimatini, na Common Lisp ya mwaka 1984 ikafuata mkondo huo. Leo lugha nyingi zinazofundishwa vyuoni zinatumia mawanda ya kimatini. Yale ya kiutendaji yamebaki katika pembe chache, mathalani katika Bash, ambayo wasimamizi wa mitambo huitumia kila siku pengine bila kulitambua jambo hilo.

Sababu ya ushindi wa mawanda ya kimatini ni ya kiakili zaidi kuliko ya kimashine. Mtu anayesoma programu iliyoandikwa hivyo anaweza kujua maana ya kila jina kwa kuisoma matini iliyo mbele yake. Katika mawanda ya kiutendaji hawezi, kwa sababu maana inategemea nani ataiita programu-ndogo hiyo, na pengine mwitaji huyo bado hajaandikwa. Mwandishi wa chapa_kadi hana njia ya kujikinga na orodha_mpya itakayoandikwa na mtu mwingine baada ya miaka kumi.

Yako matokeo mengine ya mawanda ya kimatini ambayo hayakutarajiwa na wengi. Programu-ndogo yaweza kupelekwa mbali na mahali ilipoandikwa, ikatunzwa, ikaitwa baadaye na mgeni, na bado majina yake yakabaki na maana ya kwao. Ili hilo liwezekane, mashine hulazimika kuifunga programu-ndogo pamoja na mazingira yake na kuyabeba yote kama mzigo mmoja. Mwingereza Peter Landin aliueleza utaratibu huo mwaka 1964. Mtu aliyekulia Nyunzu na kuhamia Dar es Salaam akiwa mtu mzima ni mfano hai: anaposema "yaya wangu anakuja kesho", majirani watamfikiria mlezi wa watoto, lakini yeye amesema kwa mawanda aliyokuja nayo, na hakubadilika kwa kuvuka ziwa. Fungu alilozaliwa limefungwa nyuma yake. Majina yake bado yanaishi. Ndiyo maana wataalamu hutofautisha mawanda ya kigeu na uhai wake. Mawanda ni sehemu ya matini, uhai ni kipindi cha wakati, na kimoja chaweza kuendelea pale kingine kinapokoma.

KADI YA NYUNZU

Mifano iliyotangulia ingeweza kudhaniwa kuwa mchezo wa wasomi. Historia ya utawala wa Nyunzu inaonyesha vinginevyo. Mtoto aliyezaliwa mjini humo mwanzoni mwa mwaka 1960 alizaliwa katika jimbo la Katanga. Aliyezaliwa mwaka 1963 alizaliwa katika jimbo la Katanga Kaskazini, lililoundwa mwaka 1962 na ambalo makao yake yalikuwa mji wa ziwani ulioitwa Albertville wakati wa ukoloni na unaoitwa Kalemie leo. Aliyezaliwa mwaka 1985 alizaliwa katika jimbo la Shaba, nchi ya Zaire. Aliyezaliwa mwaka 2000 alizaliwa tena Katanga, kwa kuwa mwaka 1997 nchi na jimbo vyote viliachana na majina ya enzi ya Mobutu. Aliyezaliwa mwaka 2016 alizaliwa katika jimbo la Tanganyika. Hao wanaweza kuwa bibi na wajukuu wa nyumba moja, waliozaliwa chini ya paa moja, na hakuna aliyehama.

Lakini wengi walihama, na hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe zito. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliwasukuma Wakongo wengi kuvuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma ilianzishwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka nchi iliyokuwa bado inaitwa Zaire. Wengi wao walitoka Kivu Kusini. Baadaye mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyopamba moto zaidi tangu mwaka 2016, yaliwafukuza wakazi wengi wa Nyunzu, Manono na Kabalo kutoka vijijini mwao. Mtu aliyekimbia bila karatasi hutambulishwa kwa maneno yake: jina, mahali pa kuzaliwa, mwaka. Maneno hayo huandikwa na karani, kisha huingizwa katika kompyuta, na miaka mingi baadaye husomwa na karani mwingine, katika nchi nyingine, anayeangalia kama maelezo ya leo yanalingana na ya zamani.

Mtu aliyesema mwaka 1998 kwamba amezaliwa Nyunzu, Shaba, na anayesema leo kwamba amezaliwa Nyunzu, Tanganyika, hajajipinga hata kidogo. Programu isiyojua mawanda itaona tofauti kati ya maneno mawili na kutia alama ya shaka. Programu nyingine, iliyoandikwa na mtu aliyeliona tatizo hilo nusu, itafanya jambo baya zaidi: itabadilisha kila Shaba kuwa Tanganyika katika kadi zote. Hapo mtu wa Lubumbashi, mji uliokuwa Shaba vilevile lakini ulio leo katika jimbo la Haut-Katanga, atahamishiwa kando ya ziwa ambalo pengine hajawahi kuliona. Kigeu cha jumla kimebadilishwa kwa ajili ya haja ya fungu moja, kama ile idadi iliyogeuka 240.

Ni haki kukiri kwamba zipo haja zinazodai mawanda ya kiutendaji. Afisa anayepanga magari ya chakula hahitaji kujua mkoloni aliitaje Kalemie. Anahitaji jina la jimbo kwa maana ya leo, na hata barua rasmi inayotumwa sasa lazima ifuate majina ya sasa. Kosa si kuisoma kadi kwa maana ya msomaji. Kosa ni kuiacha programu ichague bila kuambiwa. Waandishi wazuri wa programu huepuka kigeu huru mahali penye utata wa namna hiyo. Badala ya kuiacha chapa_kadi ilitafute jimbo popote litakapopatikana, huiandika ili ipokee jimbo waziwazi kutoka kwa mwitaji, pamoja na mwaka. Mwitaji analazimika kusema anataka lipi. Mistari inaongezeka kidogo, na wavivu hunung'unika.

Kadi yenyewe nayo haina budi kuandikwa hivyo. Safu moja ihifadhi maneno yaliyosemwa, kama yalivyosemwa, pamoja na tarehe na mahali yaliposemwa, na safu hiyo isiguswe tena na programu yoyote. Safu ya pili ibebe tafsiri ya utawala wa leo, ikiwa na mwaka wake, kwa kuwa majimbo ya mwaka 2015 nayo yametangazwa na sheria na yanaweza kutanguliwa na sheria nyingine. Atakayeifungua kadi hiyo Kalemie, Kigoma au Kinshasa atakuta Shaba katika safu ya kwanza na 1998 kando yake, kisha Tanganyika katika ya pili na 2015 kando yake.